Lisemwalo na Lililoshuhudiwa: Mbinu za Masimulizi ya Upelelezi na Funzo la West Nile

Waswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo, li njiani laja. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na mara nyingi tumeifafanua kwa wepesi kwamba uvumi hauzuki bure. Lakini ziko pande ambako lisemwalo limewahi kuwagharimu watu roho zao, na si mbali nasi. Ni pande za Lurujo, Arua na Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan ya Kusini. Huko ndiko tunakotaka kumpeleka msomaji katika makala haya, ingawa safari yetu itaanzia mbali kidogo, katika utanzu wa masimulizi ambao vijana wetu wanaupenda sana siku hizi.

Utanzu huo ni podikasti ya upelelezi. Podikasti ni vipindi vya sauti vinavyowekwa katika intaneti, ambavyo msikilizaji huvichukua na kuvisikiliza kwa wakati wake mwenyewe, bila ya kungojea saa ya kituo cha redio. Katika podikasti ya upelelezi, msimulizi hufuata jambo la kweli lililofichika, kama vile mauaji, wizi au kutoweka kwa mtu, akalifunua kidogo kidogo, kipindi baada ya kipindi. Tunataka kuuliza maswali mawili. Je, mbinu zinazotumika humo ni zipi, na zimetoka wapi? Na je, mwenye kuzitumia ana deni gani kwa ukweli na kwa watu anaowasimulia? Jibu la swali la pili, kwa maoni yetu, limo katika historia ya West Nile. Na sehemu yake kubwa imo katika sarufi tunayoifundisha kila siku.

Taharuki ya kubuni na taharuki ya kweli

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa taharuki. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na kwayo akamwingiza Bwana Msa katika fasihi yetu. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Tangu hapo wanafunzi wetu wamejua jinsi mwandishi anavyomficha mkosaji, anavyotupa dalili za uongo njiani, na anavyomwacha msomaji na kiu mwishoni mwa sura.

Lakini yafaa tukumbuke jambo moja. Mwandishi wa hadithi ya kubuni anamjua mkosaji kabla hajaandika mstari wa kwanza. Yeye ndiye aliyeuumba ulimwengu ule, na ana haki ya kuficha na kufunua apendavyo. Msimulizi wa upelelezi wa kweli hana haki hiyo. Wafu wake ni wafu wa watu, na washukiwa wake wana watoto na majirani. Ameazima vyombo vya mwandishi wa riwaya, lakini mali anayoifanyia kazi si yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni podikasti ya Marekani iitwayo Serial, iliyoanza mwezi wa Oktoba 2014 na kusimuliwa na Sarah Koenig katika vipindi 12. Ilihusu mauaji ya msichana wa shule mjini Baltimore mwaka 1999, na kijana aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa hilo. Koenig hakuanza na kuzaliwa kwa mtu yeyote, wala hakuanza na mauaji. Alianza na swali ambalo kila msikilizaji aliweza kujiuliza: je, unakumbuka ulifanya nini siku fulani, wiki sita zilizopita? Akawauliza vijana, nao wakashindwa kukumbuka vizuri. Hapo msikilizaji akajiona yumo ndani ya kesi. Baadaye, upande wa mashtaka ulipodai kwamba mambo fulani yalitendeka katika muda wa dakika 21, Koenig aliingia katika gari na kuipita njia ile ile huku akihesabu dakika, na kinasa sauti kikirekodi.

Hapa twaweza kuziona mbinu nne. Ya kwanza ni kuanza na pengo badala ya kuanza na asili ya jambo. Ya pili ni msimulizi kutembea pamoja na msikilizaji, akikiri mashaka yake na kubadili rai yake mbele ya hadhira. Ya tatu ni kuziacha sauti zenyewe ziseme, pamoja na kigugumizi chake, kimya chake, na mlio wa mahali. Ya nne ni kukata kisa penye ncha, ili msikilizaji arudi wiki ijayo. Fanani wa ngano alizijua zote hizi, ila hakuwa na mashine. Jipya ni kwamba hadhira imekuwa mamilioni, na kwamba kisa kimeingia mahakamani. Hukumu ya kijana yule ilifutwa mwaka 2022, ikarudishwa mwaka 2023, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Maryland ikaafiki kurudishwa kwake mwaka 2024, kwa sababu haki za jamaa za marehemu hazikuheshimiwa katika kikao kilichoifuta. Mwaka 2025 adhabu yake ilipunguzwa, naye akabaki nje ya gereza ingawa hukumu ilibaki. Katika miaka yote hiyo dunia ilimjadili mshitakiwa, na ndugu wa msichana aliyeuawa walisikika mara chache.

Podikasti ya aina hii ilifika Uganda pia. Mwaka 2019 shirika la BBC lilitoa The Missing Cryptoqueen, iliyosimuliwa na Jamie Bartlett, kuhusu Ruja Ignatova, mwanamke aliyewauzia watu wa nchi nyingi sarafu ya uongo iliyoitwa OneCoin na kisha akatoweka mwezi wa Oktoba 2017. Baada ya kumtafuta katika miji ya Ulaya, wasimulizi walikuja Uganda na kuisikiliza familia moja ya wakulima iliyopoteza akiba yake. Kwa mbinu ya kisanaa, ule ulikuwa uamuzi mwema. Msikilizaji aliyekwisha kuvutiwa na werevu wa mwizi alirudishwa kwa mwibiwa, akasikia hasara inavyosemwa na mtu asiye na wakili.

Wazee na mpaka wa ushahidi

Sasa na tugeukie West Nile yenyewe. Mwanaanthropolojia John Middleton aliishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaandika kwa makini jinsi wazee wao walivyosimulia mambo ya kale. Walisimulia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, waliokuwa waasisi wa koo zao. Mmoja alihusishwa na mlima Liru huko Koboko, na mwingine na mlima Eti. Kuanzia mashujaa hao kuja chini, masimulizi yalifuata nasaba: fulani alimzaa fulani, na fulani akamzaa fulani, hata kufika kwa mzee aliyekuwa akisema. Lakini mambo yaliyokuwa nyuma ya mashujaa, au mbali nje ya eneo la watu waliojulikana, yalisimuliwa kinyume nyume. Watu wa huko walitenda yale ambayo binadamu wa kawaida hawatendi. Hata Wazungu wa kwanza, kwa mujibu wa masimulizi hayo, walitembea vichwa chini miguu juu. Walipokwisha kujulikana na kuzoewa, wakasimuliwa kama watu wengine.

Mtu mwenye haraka atacheka na kusema kwamba hizo ni ngano. Middleton aliona zaidi ya hayo, nasi tunakubaliana naye. Wazee wale walikuwa na alama ya kuonyesha mpaka. Upande huu wa mpaka kuna mambo yanayoshikwa na nasaba, ambayo mtu aweza kuulizwa ameyapata kwa nani. Upande wa pili kuna mambo ambayo hayana wa kuulizwa. Msikilizaji aliyelelewa katika desturi ile hakuhitaji kuambiwa aina ya ukweli anaousikia, kwa sababu namna ya kusimulia ilimwambia.

Fanani wa Kiswahili ana alama yake pia. Anaposema "Paukwa," na hadhira ikajibu "Pakawa," mkataba umefungwa kwamba yatakayofuata ni ya kubuni. Msimulizi wa upelelezi hana "Paukwa" yake. Kwa hiyo hana budi kufunga mkataba mwingine, nao ni kueleza kila mara amejuaje anayoyasema. Asipofanya hivyo, msikilizaji hatajua kama yuko upande huu wa mpaka au upande ule.

"Alichukuliwa"

Alasiri ya tarehe 25 Januari 1971 wananchi wa Uganda walisikia katika Redio Uganda sauti ya askari akisoma sababu 18 za jeshi kuipindua serikali ya Milton Obote. Madaraka yakaenda kwa Idi Amin, mtu ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko. Tunaitaja sauti ile kwa sababu ilikuwa kinyume kabisa cha masimulizi ya upelelezi. Ilitoa hukumu kabla ya ushahidi, na haikuacha nafasi ya kuulizwa.

Miaka iliyofuata ilileta namna nyingine ya kusema. Watu walianza kutoweka, na jamaa zao, kwa hofu, walijifunza kusema neno moja: alichukuliwa. Walimu wenzetu wa sarufi watakitambua kitenzi hiki mara moja. Ni kauli ya kutendwa, na katika Kiswahili kauli hiyo yaweza kusimama bila ya kumtaja mtenda. Twaweza kusema "alichukuliwa na askari," na pia twaweza kusema "alichukuliwa" tukanyamaza. Sarufi haitudai zaidi. Katika nchi yenye hofu, nafasi ile tupu baada ya kitenzi huwa ndiyo maficho ya mkosaji, na wakati huo huo ni kinga ya msemaji.

Kazi yote ya upelelezi, ukiitazama kwa jicho la mwalimu wa lugha, ni kuijaza nafasi ile kwa haki. Uganda ilijaribu kufanya hivyo mara mbili kwa njia ya tume. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa kushinikizwa na lawama za nje, aliunda tume ya kuchunguza watu waliotoweka tangu Januari 1971, chini ya uenyekiti wa Jaji Mohammed Saied. Tume ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika habari za watu 308 waliotoweka. Ingawa iliundwa na mtawala aliyekuwa akilaumiwa, haikuogopa kuzitaja idara za usalama zilizohusika zaidi. Taarifa yake haikutangazwa kwa wananchi, na mauaji yaliendelea.

Tume ya pili iliundwa mwaka 1986, chini ya Jaji Arthur Oder, ichunguze mambo yaliyotendeka tangu uhuru wa mwaka 1962 hadi Januari 1986. Ilitoa taarifa yake mwaka 1994. Vikao vyake vya hadharani vilitangazwa katika redio na televisheni, na kwa mara ya kwanza mamia ya watu wakasikika wakieleza kwa vinywa vyao wenyewe nani alichukuliwa, saa ngapi, na nani alikuwepo. Ikiwa tunatafuta mzazi wa podikasti ya upelelezi katika Uganda, tusimtafute Baltimore. Yumo katika vikao vile, ambamo raia wa kawaida alikaa mbele ya kipaza sauti akaulizwa: uliona mwenyewe, au uliambiwa?

Jalada la gari

Kisa kimoja chatuonyesha jinsi swali dogo linavyoweza kufungua jambo kubwa. Mwezi wa Septemba 1972, baada ya wapinzani wa Amin kuishambulia Uganda kutoka Tanzania na kushindwa, Eliphaz Laki, aliyekuwa chifu wa saza ya Ibanda katika Ankole, alichukuliwa, wala hakuonekana tena. Mwanawe, Duncan Laki, alikua na swali hilo, akawa mwanasheria. Hakuanza kwa kuuliza nani alimwua baba yake, kwani swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa bila ya majibu. Aliuliza: gari la baba lilikwenda wapi? Laki alikuwa na Volkswagen, nalo lilitoweka pamoja naye. Mtu aweza kufichwa, lakini gari huandikishwa. Jalada la usajili likaonyesha jina la mtu aliyelimiliki baadaye, na jina hilo likaelekeza West Nile.

Mwaka 2001 wazee watatu waliokuwa askari walikamatwa. Wote walikuwa na asili ya West Nile, na mmoja wao alikuwa Meja Jenerali Yusuf Gowon, aliyepata kuwa mkuu wa majeshi wakati wa Amin. Mifupa ya Laki ikapatikana na kuzikwa kwa heshima. Kesi ilianza Kampala mwaka 2002. Mahakama haikuyakubali maungamo yaliyotolewa kuwa ni ushahidi, na washitakiwa wakaachiliwa.

Mwandishi wa Marekani, Andrew Rice, alikisimulia kisa hiki katika kitabu alichokitoa mwaka 2009. Ingalikuwa rahisi kukisimulia kama hadithi ya Bwana Msa: dalili, msako, mkosaji, mwisho. Rice alichagua njia ngumu zaidi. Aliwasikiliza walioshitakiwa kama alivyomsikiliza mwana wa marehemu, na alisimulia historia ya pande zote mbili, Ankole na West Nile. Msomaji hufika mwisho akijua mengi, lakini hapewi raha ya kufunga kitabu kana kwamba hesabu imelipwa. Mahakama ina kipimo chake cha ushahidi, na masimulizi yana chake. Msimulizi mwaminifu hujua kuviweka mbalimbali, wala hamhukumu tena kwa sauti yake mtu aliyeachiliwa na mahakama.

Kisa kinapomtaka mkosaji mmoja

Tumefika sasa penye uzito wa jambo. Majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala mwezi wa Aprili 1979, na Amin akakimbia. Katika Uganda yote, na katika magazeti ya dunia, kulikuwa na kisa kimoja kilichosimuliwa kwa namna moja: Amin alitoka West Nile, askari wake walitoka West Nile, basi West Nile ndiyo iliyoua. Angalia jinsi kila sehemu ya sentensi inavyofuata nyingine kwa utulivu. Sehemu mbili za kwanza zina ukweli ndani yake. Ya tatu haina.

Ushahidi wa kuikanusha ulikuwepo tangu zamani. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Amin, aliondolewa kazini mwanzoni mwa mwaka 1974, na mwezi wa Machi maiti yake ikaonekana katika mto Nile. Mwezi huo huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin, alikufa katika jaribio la kuipindua serikali. Watu wa West Nile walikuwemo miongoni mwa waliochukuliwa, si miongoni mwa wachukuaji peke yao. Lakini kisa chenye mkosaji mmoja hakina nafasi ya watu kama hao, kwa sababu wanaharibu mtiririko.

Mwezi wa Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka na kushambulia West Nile. Jeshi la serikali mpya, UNLA, lilipojibu, halikutofautisha kati ya askari na mkulima, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, baada ya mapigano mjini Arua, askari wa UNLA waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji, ambako raia walikuwa wamekimbilia ili kuokoka. Waliua makumi ya watu, wanaume, wanawake na watoto. Wenyeji wa Arua huikumbuka tarehe hiyo hata leo.

Hatusemi kwamba kisa peke yake ndicho kilichovuta risasi. Kulikuwa na vita, kisasi, na jeshi lisilo na nidhamu. Lakini askari aliyeingia Ombaci alikuwa amekwisha kusimuliwa kwamba kila atakayemkuta ni mtu wa Amin. Kwake yeye, nafasi ile tupu baada ya "aliuawa" ilikuwa imekwisha kujazwa, nayo ilijazwa kwa jina la kabila. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ambalo masimulizi ya upelelezi yaweza kulitenda.

Mtafiti Mark Leopold, aliyefanya kazi Arua katika miaka ya 1990, alitambua kwamba akiisimulia historia ya pande hizo kutoka mwanzo kwenda mwisho, kila jambo la zamani lingeonekana kuwa ni maandalizi ya Amin. Kwa hiyo, katika kitabu chake Inside West Nile cha mwaka 2005, aliisimulia kinyume nyume. Alianza na Arua aliyoiona, akarudi kwa Amin, akarudi kwa serikali ya kikoloni iliyowaajiri vijana wa huko katika jeshi, akarudi hata kwenye siku za Lado, wakati sehemu hizo zilipokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kabla yake, kwenye biashara ya watumwa na pembe. Walimu wa fasihi huiita mbinu rejeshi. Kwa kawaida tunawafundisha wanafunzi kwamba kazi yake ni kuleta mvuto. Hapa ilifanya kazi ya haki, maana ilimzuia msomaji asichukue mfuatano wa mambo akaufanya kuwa sababu ya mambo.

Funzo kwa walimu wa Kiswahili

Jambo hilo latuleta kwenye kiambishi cha -ka-. Tunakifundisha kuwa ni kiambishi cha masimulizi, nacho ndicho uti wa mgongo wa hadithi zetu. "Alifika Arua, akanunua gari, akaondoka usiku." Sentensi ni tamu, na inakwenda mbio. Lakini -ka- hufanya zaidi ya kupanga mambo kwa zamu. Humfanya msikilizaji adhani kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Huenda gari lilinunuliwa miezi mitatu baada ya kufika. Huenda aliyeondoka usiku ni mtu mwingine. Mpelelezi mwema huukata mnyororo wa -ka- mahali ambapo ushahidi umekatika. Husema: "Alifika Arua. Jalada laonyesha kwamba gari lilinunuliwa mwezi wa tatu. Jirani asema aliondoka usiku, lakini hakumwona mwenyewe." Sentensi hii haina mbio, lakini ina uaminifu.

Kadhalika Kiswahili kina hazina ya maneno ya kupimia ushahidi, ambayo mara nyingi tunayapita bila ya kuyafundisha. "Nimeona" si sawa na "nimesikia," na "nimesikia" si sawa na "inasemekana." "Eti" humwonyesha msikilizaji kwamba msemaji anatilia shaka, na "yumkini" kwamba anakisia. Mwanafunzi anayejua kuchagua kati ya maneno haya amekwisha kuanza kuwa mpelelezi, hata kama hajawahi kugusa kinasa sauti.

Tunapendekeza zoezi ambalo laweza kufanywa katika shule yoyote, na hasa katika shule za Uganda. Mwanafunzi na amwendee mzee, kwa idhini yake, arekodi kisa kimoja cha zamani kwa simu ya mkononi. Darasani kisa kisikilizwe mara mbili. Mara ya kwanza wanafunzi waandike kila kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda, na waulize kama mtenda hakujulikana, hakutajwa kwa hofu, au hakutajwa kwa heshima. Mara ya pili waandike kila -ka-, na waulize ni ipi inayotegemea ushahidi na ipi inayotegemea mazoea ya kusimulia. Kisha wapange kisa upya kama podikasti ya dakika kumi: waanze na pengo, waziache sauti ziseme, na pale wasipojua wakiri kwamba hawajui. Mwalimu ahakikishe kwamba jina la mtu aliye hai halitajwi kwa lawama, na kwamba mzee anasikilizishwa kazi hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tunasema hasa katika shule za Uganda kwa sababu Kiswahili huko kina historia yake. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Lugha ikabebeshwa mzigo wa waliokuwa wakiisema kwa bunduki. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika West Nile, ambako Kiswahili husikika pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala, na ambako tangu mwaka 2004 Radio Pacis ya Arua imekuwa ikitangaza kwa lugha za wenyeji, vyombo vya kazi hii vipo. Lugha iliyotumika kuuliza "kitambulisho kiko wapi?" yaweza pia kutumika kuuliza "ulimwona nani, na ulijuaje?"

Mashahidi wa miaka ya 1970 na 1981 wanazidi kuzeeka, na kila mwaka baadhi yao wanazikwa pamoja na waliyoyaona. Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wenzetu, wa Arua, wa Koboko na wa kwingineko, watakaolijaribu zoezi hili. Watuandikie wanafunzi wao wamepata nini, na hasa watuandikie ni wapi kisa kilipokatika na wanafunzi wakakiacha hivyo hivyo bila ya kukiunga.